Tiketi ya Dabi ya Hull: Ununue ya Mashariki au ya Magharibi?

Mto Hull unaupasua mji wa Hull katikati kabla ya kumwaga maji yake kwenye mlango-bahari wa Humber, na kwa watu wanaopenda raga ya ligi mto huo ni mpaka hasa. Walio magharibi yake ni wa Hull FC, klabu iliyoanzishwa mwaka 1865, yenye jezi nyeusi na nyeupe. Walio mashariki ni wa Hull Kingston Rovers, klabu ya mwaka 1882, yenye jezi nyekundu na nyeupe. Mimi ninaishi magharibi na nina tiketi ya msimu ya FC. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, anaishi mashariki, si mbali na barabara ya Holderness, na ni Rovers wa kindakindaki. Kila dabi inapokaribia, jambo la kwanza tunalobishania si nani atashinda, bali ni kiingilio: yeye hudai kwamba kuja kwetu kunamgharimu kuliko inavyofaa mgeni alipe, nami hudai kwamba kwenda kwao ni kulipa fedha nzuri ili nisimame kwa miguu yangu mwenyewe.

Ubishi huo si wetu peke yetu. Unausikia kwenye basi, kazini na kwenye foleni ya chipsi, na kwa kuwa siku hizi Hull ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, wakiwemo Wakongo waliopokelewa hapa chini ya mpango wa serikali wa kuwapa wakimbizi makao mapya, nimeulizwa mara nyingi na watu ambao hawajawahi kuingia uwanjani: nikiwa na fedha ya dabi moja tu kwa mwaka, niende upande upi? Nitajitahidi kulijibu swali hilo kwa haki, ingawa sifichi rangi yangu.

Ni vyema kwanza msomaji aelewe kwa nini watu wa huku hulichukulia suala la kiingilio kwa uzito kiasi hiki. Raga ya ligi yenyewe ilizaliwa kutokana na fedha. Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield na kuamua kujitenga na chama cha raga cha nchi, kwa sababu chama hicho kilikataa katakata wachezaji walipwe fidia ya ujira walioupoteza kila walipoacha kazi ili kwenda kucheza. Wachezaji hao walikuwa wachimba makaa ya mawe, watu wa viwandani na makuli wa bandarini, ambao Jumamosi ilikuwa siku yao ya kazi kama siku nyingine. Klabu 22 ziliunda umoja wao, Hull FC ikiwa mojawapo, na fidia iliyokubaliwa ilikuwa shilingi 6 kwa siku. Fedha hiyo ilitoka kwa wafanyakazi wenzao waliolipa mlangoni ili kuwatazama. Mabadiliko yaliyofuata, hasa kupunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 mwaka 1906, yalilenga kuufanya mchezo uwe wazi na wa kasi ili watu waendelee kuja na kulipa. Kwa hiyo shabiki wa raga ya ligi anapohoji bei ya mlango haingilii mambo yasiyomhusu, kwani yeye ndiye aliyeujenga mchezo kwa senti zake.

Kile unachokilipia kila upande

Hull FC huchezea Uwanja wa MKM, magharibi mwa mji, uliofunguliwa Desemba 2002. Uwanja huo ni mali ya halmashauri ya jiji, unabeba watu wapatao 25,000, wote wakiwa wamekaa, na FC huutumia kama mpangaji pamoja na klabu ya soka ya Hull City. Rovers huchezea Craven Park, kwenye barabara ya Preston mashariki mwa mji, ambako walihamia mwaka 1989 baada ya kuuacha uwanja wao wa zamani wenye jina hilo hilo. Uwezo wake ni karibu watu 12,000, na una majukwaa ya kusimama, kitu ambacho MKM hakipo kabisa.

Tofauti hizo mbili, ya ukubwa na ya kukaa au kusimama, ndizo mzizi wa karibu kila neno linalosemwa kuhusu bei. Dabi ya MKM huweza kuvuta watazamaji zaidi ya 20,000, na bado mtu aliyechelewa akapata kiti cha pembeni. Dabi ya Craven Park hujaa, na tiketi huanza kuuzwa kwa wenye tiketi za msimu na wanachama kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha wageni hupewa sehemu yao ndogo. Hali hiyo imezidi tangu mwaka 2025, ambapo Rovers walitwaa Kombe la Challenge, kombe la mtoano la mchezo huu, pale Wembley kwa kuifunga Warrington 8-6, wakamaliza kileleni mwa msimamo wa ligi, na mwezi Oktoba wakaifunga Wigan 24-6 katika fainali kuu ya Old Trafford, ile inayoamua bingwa wa ligi. Walikuwa wamekaa miaka 40 bila kombe kubwa. Mtu wa mashariki aliyevumilia ukame wa namna hiyo halali siku tiketi zinapofunguliwa, na sisi wa magharibi hatuna budi kulikubali hilo.

Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu katika kila uwanja, kwa sababu bei haielezeki bila hayo.

Craven Park nilisimama miongoni mwa mashabiki wageni usiku mmoja wa baridi, upepo wa Humber ukipenya kwenye kola ya koti. Ukisimama safu ya nne au ya tano kutoka uwanjani, huutazami mchezo tu, bali unausikia pia. Mbebaji wa mpira akikabwa na watu watatu unasikia pumzi ikimtoka, kisha unasikia nahodha akiwaita wenzake warudi kwenye mstari kabla mpira haujachezwa tena. Mbele yangu alikuwapo baba mmoja na binti yake wa miaka kama saba, mwenye skafu nyeusi na nyeupe iliyomzunguka shingo mara tatu. Binti huyo hakuwa akiona chochote isipokuwa migongo ya watu na ncha za nguzo za goli. Baba yake alimpandisha begani, akambeba kipindi cha kwanza bega la kulia na kipindi cha pili bega la kushoto, na trai, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa goli, ilipofungwa upande wa mbali binti ndiye aliyemsimulia baba kilichotokea. Hakuna aliyekosea hapo. Ndivyo jukwaa la kusimama lilivyo, na baba yule alijua alichokinunua.

MKM mambo ni mengine. Ukikaa juu, hasa kwenye kona, sauti za wachezaji hazikufikii, lakini unaona sura nzima ya mchezo. Unaiona safu ya ulinzi ikipanda kwa pamoja kama juya linalovutwa ufukweni, na unaona mapema mahali uzi mmoja ulipolegea ambapo mshambuliaji atapenya. Shemeji, ambaye hukaa huko kila anapokuja kama mgeni, hukubali kwa shingo upande kwamba raga aliifahamu vizuri zaidi baada ya kuitazama kutoka juu. Mtoto hukaa kwenye kiti chake, mvua hainyeshei isipokuwa safu za mbele kabisa upepo ukigeuka, na mtu mwenye magoti mabovu anamaliza dakika 80 bila kuumia.

Kuhusu safari, MKM ina nafuu kubwa. Mtu anayetoka Leeds au Sheffield kwa treni hushuka kituo cha Paragon na kutembea kwa muda wa dakika 20 hivi kupitia barabara ya Anlaby. Craven Park iko mbali na katikati ya mji, zaidi ya maili tatu, kwa hiyo lazima upande basi au teksi, na baada ya mchezo kila mtu anataka basi lile lile. Weka nauli hiyo ndani ya hesabu ya kiingilio tangu mwanzo.

Kiini cha ubishi

Katika Super League, ligi ya juu ambamo klabu hizi mbili hucheza, kiingilio cha mtu mzima kwa mchezo mmoja mara nyingi huwa kati ya pauni 20 na pauni 35, kutegemea uwanja, jukwaa na mpinzani. Klabu huweza kuupanga mchezo wa dabi katika daraja la juu la bei, na kununua tiketi siku ya mchezo huweza kukuongezea pauni kadhaa. Ndani ya mipaka hiyo, tofauti ya bei kati ya pande mbili za mto haistahili kelele zinazopigwa. Kwa nini basi zinapigwa?

Baada ya miaka ya kubishana na shemeji nimefikia jibu ambalo naliamini: watu wengi hulinganisha namba mbili zisizolingana. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme tiketi ya msimu inauzwa pauni 260. Ligi ina raundi 27, moja ikiwa ile ya wikendi ambayo timu zote hucheza katika uwanja mmoja, kwa hiyo kila klabu huwa na michezo 13 ya nyumbani. Gawanya, utapata pauni 20 kwa kila mchezo, na dabi imo humo. Sasa tuseme tiketi ya mchezo mmoja wa dabi ni pauni 30. Mimi mwenye tiketi ya msimu huiona dabi ya nyumbani kwa pauni 20, kisha nikivuka mto nadaiwa pauni 30. Shemeji vivyo hivyo: kwao ni pauni 20, kwetu ni pauni 30. Kila mmoja wetu anarudi nyumbani akiapa kwamba jirani ni mlanguzi, ilhali wote wawili tumelinganisha bei ya jumla na bei ya rejareja. Ni sawa na mtu aliyenunua mchele kwa gunia akamshangaa muuzaji wa kilo.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka tiketi ya mchezo mmoja kando ya tiketi ya mchezo mmoja, kiti kando ya kiti, paa kando ya paa. Ukifanya hivyo hoja za pande zote mbili hupungua uzito, lakini haziishi zote, na mbili kati ya zilizobaki nadhani ni za kweli.

Ya kwanza ni ya watu wa mashariki. Katika michezo ya ligi, mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Shabiki wa Rovers akija MKM, fedha yake inakwenda kwa mpinzani wake wa jadi, na kwa kuwa uwanja wetu ni mkubwa, tunawapokea wao wengi kuliko wanavyoweza kutupokea sisi. Mchango wao katika kujaza viti vyetu ni mkubwa, na ndiyo maana wanaona wanastahili bei ya kuwavutia badala ya bei ya kuwakamua. Miaka ambayo ratiba ilileta dabi ya tatu ya ligi, nje ya ile ya nyumbani na ya ugenini, hoja hiyo ilikuwa kali zaidi, kwa sababu aliyepewa kuwa mwenyeji wa dabi ya ziada alipata mapato ambayo mwenzake hakuyapata. Katika Kombe la Challenge mambo ni tofauti, kwa kuwa mapato hugawanywa kati ya klabu mbili baada ya gharama, na kwa kawaida tiketi ya msimu haifanyi kazi huko. Zikikutana katika kombe hilo, basi angalau kwa siku hiyo wote hulipa wakiwa sawa.

Hoja ya pili ni yetu wa magharibi. Kusimama ni kusimama. Jukwaa la kusimama lina raha yake, na kuna watu wa FC wanaolitamani kwa sababu wanalikumbuka la Boulevard, uwanja wetu wa tangu 1895 hadi 2002, lakini nafasi hiyo inachukua watu wengi zaidi katika eneo dogo na haihitaji kiti. Pale mgeni anapotozwa kwa kusimama bei inayokaribia ya kukaa, ana haki ya kuuliza. Shemeji hunijibu kwa utulivu wa kuudhi: «Shemeji, hukulipa ukae. Ulilipa uwe karibu.» Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, na nakubali kwamba ukaribu nao una bei yake. Bado nashikilia kwamba bei hiyo isiwe ile ile.

Wasomaji wanaoijua dabi ya Kariakoo wataona tofauti mara moja. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zimekuwa zikichezea Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, na kiingilio hupangwa kwa eneo: mzunguko, viti vya machungwa, kisha VIP kwa madaraja yake. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wakienda mzunguko hulipa kiasi kimoja, hata kama mmoja ameitwa mwenyeji siku hiyo na mwingine mgeni. Watani wale wana mengi ya kubishania, ila hili la bei ya mgeni halimo. Hull haina uwanja mmoja wa namna hiyo kwa klabu zake mbili za raga. Mara inayokumbukwa zaidi hadi leo ambapo mji mzima ulilipa mlango mmoja bila mwenyeji ni fainali ya Kombe la Challenge ya tarehe 3 Mei 1980, ambapo watu 95,000 walijaa Wembley, Rovers wakashinda 10-5, na kwenye barabara ya kutokea mjini mtu akaweka bango la kumwambia atakayeondoka wa mwisho azime taa.

Ningetamani klabu hizi mbili ziwe na makubaliano ya wazi ya kulipana sawa: mgeni wa Craven Park alipe kile anacholipa mwenyeji aliyenunua tiketi ya mchezo mmoja katika jukwaa la aina hiyo, na mgeni wa MKM vivyo hivyo, na bei zitangazwe siku moja. Ligi Kuu ya soka ya Uingereza iliweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi za mashabiki wageni kuanzia msimu wa 2016/17, na hakuna klabu iliyofilisika kwa ajili hiyo. Soka ina fedha nyingi za televisheni kuliko raga ya ligi, nalijua hilo, na mpangaji kama FC ana gharama zake za uwanja. Hata hivyo dabi ndiyo mchezo ambao mtu asiye na mazoea ya raga hukubali kusindikizwa kuuona. Akitozwa bei inayomfanya ahesabu nauli ya wiki, hatarudi kwa michezo mingine 12 ya nyumbani.

Njia nyingine za kuitumia fedha hiyo hiyo

Si lazima dabi yako iwe ya Hull. Wigan na St Helens, miji ya Lancashire ya zamani iliyo jirani sana, huwa na dabi yao ya Ijumaa Kuu ambayo wengi huiona kuwa ya ubora wa juu zaidi kiuchezaji, na rekodi inawaunga mkono: St Helens walitwaa fainali kuu nne mfululizo kuanzia 2019 hadi 2022, kisha Wigan wakachukua ya 2023 na ya 2024. Mgawanyo wa viwanja unafanana na wetu, kwani wa Wigan unabeba watu wapatao 25,000 kwenye viti na wa St Helens 18,000 pamoja na majukwaa ya kusimama. Kwa mtu wa Manchester au Liverpool, nauli peke yake inatosha kuamua. Kwa mtu wa Hull, kuvuka milima ya Pennine siku ya sikukuu ni safari ya kutwa nzima.

Ile wikendi ya timu zote katika uwanja mmoja, iliyoanza Cardiff mwaka 2007, hukupa michezo kadhaa kwa tiketi moja ya siku, na kwa hesabu ya pauni kwa dakika za raga hakuna kinachoishinda. Ila haina joto la dabi, maana uwanja huwa na rangi za klabu nyingi na viti vingi vitupu.

Kuhusu televisheni, tangu msimu wa 2024 Sky huonyesha kila mchezo wa Super League, na BBC huonyesha baadhi bila malipo ya ziada. Kwa mtu anayetaka kujifunza sheria kwanza, aanze hapo. Atazame michezo mitatu au minne hadi aelewe kwa nini mpira hubadilisha mikono baada ya kukabwa mara sita, ndipo atoe fedha yake. Nimeona watu wakilipia dabi kama mchezo wao wa kwanza na kutoka wakiwa wameona makelele tu.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo, na hapa sina shaka hata kidogo, iende MKM. Tuseme watu wazima wawili ni pauni 60 na watoto wawili ni pauni 20, jumla pauni 80 kabla ya nauli na chakula. Kwa fedha nyingi namna hiyo, watoto waone mchezo wenyewe na si migongo. Chagueni viti vya kando ya uwanja vilivyo juu kidogo, si vya nyuma ya goli, na mpeleke chakula chenu au mle kabla ya kuingia. Mkila nje, pati ya Hull ni viazi vilivyopondwa na majani ya seji, ikachovywa kwenye ujiuji wa unga na kukaangwa, na haina nyama ndani. Lakini anayezingatia halali aulize kuhusu mafuta, kwa sababu maduka mengi ya chipsi ya Yorkshire hukaangia mafuta ya ng'ombe.

Mtu mzima anayekwenda peke yake au na rafiki, mwenye miguu mizima, na anayetaka kuelewa kwa nini mji huu hugawanyika nusu kwa nusu, atafute tiketi ya Craven Park. Naandika hivyo mimi wa FC, na nina uhakika nalo. Kwa bei zinazokaribiana, utapata kitu ambacho uwanja mkubwa hauwezi kukupa, yaani kuwa hatua chache kutoka kwa mchezaji anayefanya kazi ngumu kiasi kile. Sharti moja: kabla ya kulipa, angalia kwenye ramani ya uwanja kama sehemu unayouziwa ina paa, kwa kuwa msimu huanza Februari na mvua ya mashariki hii haina huruma.

Mzee, mgonjwa wa magoti, au mtu anayekuja kwa treni na kurudi usiku huo huo, achague MKM bila kusitasita. Anayefikiria kuhudhuria michezo kumi au zaidi ya nyumbani asinunue tiketi ya dabi hata kidogo, bali anunue tiketi ya msimu, kwa sababu katika mfano wetu, hata michezo mingine ikiuzwa wastani wa pauni 26, michezo kumi tu inarudisha pauni 260 zake zote. Na anayekwenda kama mgeni anunue kupitia ofisi ya klabu yake mwenyewe, si kwa mwenyeji. Klabu nyingi za ligi hii huwaomba mashabiki wao wafanye hivyo kwa kuwa hupata kamisheni kwa kila tiketi, na zaidi ya hapo utakuwa na hakika umewekwa upande unaostahili. Katika michezo mingi ya raga ya ligi mashabiki hukaa wamechanganyika bila tatizo, lakini dabi ya Hull huwatenga wageni, na jezi ya rangi isiyo yake katika jukwaa la wenyeji itakurudisha getini.

Mimi na shemeji tumepata utaratibu wetu. Dabi ikiwa MKM, tiketi yake ya ugenini nailipa mimi. Ikiwa Craven Park, yangu anailipa yeye, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza ilikuwa pauni ngapi. Tunaingia kwa milango tofauti, tunaketi au kusimama mbali mbali, kisha tunakutana kwenye duka la chipsi alilolichagua mwenyeji wa siku hiyo, shemeji akiwa na chipsi zilizonyunyiziwa kile kiungo chekundu cha Hull hadi zimebadilika rangi. Mwaka huu ni zamu yake kulipa, na ameshaniambia nisilale siku tiketi zinapofunguliwa.